Kitabu cha Kisima Juu ya Dungu

Nina rafu moja nyumbani ambayo wageni wakiiona hucheka. Imejaa riwaya za watu wanaosafiri katika wakati. Mtu analala leo, anaamka enzi za bibi yake. Mwingine anafungua mlango wa stoo, anatokea mwaka ambao bado haujafika. Mwingine anarudi jana kuchukua kitu alichokisahau, anakuta jana yenyewe imeshakaliwa na mtu. Nyingine ni za watoto, zina picha. Nyingine ni za watu wazima, zina talaka na vita. Nazisoma zote bila kubagua, na nikimaliza nzuri naianza tena. Mgeni mmoja, msomi kabisa, aliniuliza kama sioni aibu, mtu mzima na mvi zangu, kusoma mambo yasiyowezekana. Nilimwambia anywe chai isije ikapoa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika ninakuwa na adabu mno.

Jibu lake ni refu, haliishi kwa kikombe kimoja cha chai. Mambo hayo yanawezekana. Niliyaona shambani kwetu, ng'ambo ya mto Lumemo, katika miaka ya tisini, mwaka niliokuwa darasa la saba.

Kwanza nieleze habari ya jina langu, ingawa lenyewe silitaji. Nimepewa jina la mama yake baba. Alifariki miezi michache kabla sijazaliwa, na kwetu jina la namna hiyo halitolewi kama pambo. Ukilibeba jina umembeba na mwenyewe. Baba hakuwahi kuniita mwanangu, aliniita mama. Asubuhi akiamka na furaha aliniamkia shikamoo, nami mtoto wa miaka minne nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, hadi majirani wakashika mbavu. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba wa nyumba, lakini baba wa nyumba hawezi kula firigisi mama yake amekaa anamtazama, kwa hiyo nilikula mimi. Kaka zangu wawili walininunia miaka mingi kwa sababu ya firigisi hizo. Baba hakunichapa hata siku moja. Kazi hiyo alimwachia mama, ambaye kwa hesabu hiyo mimi ni mama mkwe wake, na mama aliifanya kwa moyo wote.

Ifakara, kwa watu wengi wa wakati ule, nyumba ilikuwa ya mjini lakini maisha yalikuwa ya shambani. Masika yakikolea na mpunga ukianza kutoa masuke, karibu mtaa mzima unafunga milango. Watu wanapakia sufuria, magodoro na kuku kwenye baiskeli, wanahamia vibandani shambani mpaka mavuno. Sababu ni ndege. Kwelea-kwelea hawana mzaha. Kundi likitua asubuhi na usiwe na mtu wa kulifukuza, jioni umebaki na mabua. Basi tangu mwezi wa nne hadi wa sita kila mwenye mikono anaamia. Kuamia ni kukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi katikati ya shamba, ukipiga mayowe, ukivuta kamba zilizofungwa makopo, ukirusha madonge ya udongo kwa kombeo. Watoto ndio waamiaji bora, kwa kuwa sauti zao ni kali na hawaumwi viuno.

Mwaka huo kaka zangu walikuwa wameshaondoka, mmoja kwenye kazi ya reli, mwingine amehamia Mang'ula kwa wakwe zake. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mikono ya kuamia ilibaki ya baba na yangu. Nami nilikuwa na mtihani wa kumaliza darasa la saba mwezi wa tisa. Miaka ya nyuma nilikosa shule msimu mzima, nikirudi naendelea kama mtu aliyekwenda kuchota maji. Safari hii nilijua hakuna kuendelea. Darasa letu lilikuwa linapitia upya masomo ya miaka yote, asubuhi na jioni, na mwenye kukosa alikuwa anakosa vyote kwa mpigo. Sekondari ilikuwa na nafasi chache. Nilikuwa naitaka ile nafasi kuliko kitu chochote.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mwanamke mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, aliniita nyumbani kwake siku moja kabla hatujahama.

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia, mwalimu."

"Akasemaje?"

"Amesema ni msimu mmoja tu."

"Wote husema msimu mmoja tu," akasema, akashusha pumzi. "Una pa kukaa hapa mjini akikuruhusu?"

"Mama mdogo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu."

Alifungua kabati lake akatoa vitabu viwili, kimoja kinene na kimoja chembamba. Kinene alisema ni cha watu wazima, nisiwaonyeshe wenzangu. Chembamba kilikuwa cha watoto na hakikuwa na jalada. Vyote viwili, alisema, ni vya watu wanaosafiri katika wakati, na yeye alivipenda kuliko vitabu vyote vya kabati lile. "Sina uwezo wa kukuzuia usiende," akasema. "Lakini angalau macho yako yasisahau herufi."

Wiki ya kwanza sikuvigusa. Nilikuwa nimenuna, na kuamia ndege ukiwa umenuna ni kazi ngumu, maana mayowe yanataka moyo. Asubuhi na jioni hakuna kupumzika. Lakini saa tano jua likiwaka ndege hujificha kwenye matete, hawatoki hadi saa tisa. Hapo katikati watu wa dungu hulala. Mimi usingizi wa mchana haunipati, basi siku ya nane nilikitoa kile kinene nikaanza kusoma, nikiwa nimemgeuzia baba mgongo kusudi aone kwamba bado nimenuna.

"Soma kwa sauti," baba akasema, nami nilidhani amelala.

Lazima mjue kwamba baba aliishia darasa la tatu. Herufi alizijua zote, ila alizijua mojamoja, kama mtu anayewajua majirani kwa sura lakini hajui nani ni ndugu wa nani. Aliweza kuandika jina lake, polepole, ulimi nje. Vitabu nyumbani hatukuwa navyo zaidi ya vile vya kanisani. Nikafikiri atasikiliza ukurasa mmoja aanze kukoroma.

Kitabu kilikuwa cha mpima barabara aliyegundua kwamba akitembea kinyumenyume kwenye barabara aliyoipima mwenyewe, siku nazo zinarudi nyuma. Siku ya harusi yake aligombana na bibi harusi, wakaachana kabla pilau haijaisha. Basi akawa anarudi kinyumenyume hadi siku ile ile ili ajizuie asiseme lile neno baya. Kila akirudi, anafanikiwa kulizuia neno hilo, halafu anasema jingine baya zaidi. Mama alikuwa chini ya dungu ananyonyesha. Akasema, "Huyo shida yake si siku. Shida yake ni mdomo."

Baba hakukoroma. Baba aliamka akakaa. Alitaka kujua: huyu mpima akirudi siku ya harusi, si atamkuta mpima mwenzake, yaani yeye mwenyewe kijana, amekaa mezani? Sasa hao ni wangapi? Nani kati yao ndiye mume? Nilimwambia asubiri tufike mbele, akasubiri kwa shida. Saa tisa ndege wakatoka matete, tukagawana shamba, yeye kusini mimi kaskazini. Jioni ile ile, katikati ya mayowe, nikamsikia kutoka mbali kule: "Haaaya! Haaaya! Nimejua! Yule mzee ndiye aliyemfanya kijana akasirike! Alimkanyaga mguu!" Ndege waliruka kwa furaha yake.

Tangu siku ile mchana haukuwa tena wa kulala. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kitabu kama baba alivyofurahia kile. Wasomi wengi niliokutana nao baadaye husoma kama wakaguzi. Baba alisoma kwa masikio yake na mwili wote. Penye hatari alishika nguzo ya dungu, penye ujinga alimtukana mpima barabara kwa Kindamba. Jambo lenyewe la mtu kurudi nyuma halikumshangaza hata kidogo. Nilipomuuliza kama anaamini, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Wewe si mama yangu? Ulikufa, tukakuzika, umerudi na unakula firigisi zangu. Kipi cha ajabu?"

Nilisahau kununa. Hiyo ndiyo hatari ya vitabu vizuri. Lakini wiki ya tatu jirani mmoja alipita akitokea mjini, akasema darasa la saba wameshaanza mitihani ya majaribio. Chakula kilinishinda. Jioni ile nikaona nitumie silaha yangu ya tangu utotoni. Nikasimama mbele ya baba, mikono kiunoni, nikatia sauti ya kizee.

"Mwanangu, mimi mama yako nakuamuru. Kesho unirudishe shule."

Kwa kawaida angecheka akasalimu amri. Safari hii alicheka kidogo tu, kicheko kikavu.

"Mama yangu?" akasema. "Mama yangu hawezi kusema hivyo. Mama yangu ndiye aliyenitoa mimi shule."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimelibeba jina la yule bibi miaka kumi na minne na hakuna aliyenieleza. Mama ndiye aliyenisimulia tulipokuwa tunaosha vyombo, kwa sauti ndogo. Baba alikuwa darasa la tatu, mtoto hodari. Masika yalipoingia mama yake akamwambia aje aamie ndege, msimu mmoja tu, akimaliza atarudi. Mavuno yakaisha, kukawa na sababu. Msimu wa pili, sababu. Msimu wa tatu hakuna aliyetaja tena neno shule, na yeye mwenyewe alikuwa amezidi umri kukaa na watoto wadogo.

"Sasa kwa nini na yeye ananifanyia hivi hivi?" nikauliza. Nilitaka kuvunja sahani.

"Kwa sababu ndege ni wale wale," mama akajibu. "Na mpunga ndio huu huu. Tukiukosa huu tutakula nini?"

Sahani niliiosha nikaiweka. Shamba lilikuwa kubwa, watu wawili ndio waliolitosha, na mtoto mgongoni kwa mama alikuwa na homa za mara kwa mara. Niliyajua hayo yote. Kuyajua hakukunipunguzia hasira.

Mpima barabara aliisha. Sitawaambia alivyoishia, ila mama aliridhika. Tukaanza kile chembamba, na baba alisema wazi kwamba hana tamaa nacho kwa kuwa kina picha za watoto. Kilimshika kuliko cha kwanza. Kulikuwa na kijiji chenye kisima cha zamani, na msichana mmoja aliyekuta kata kuukuu kwenye vitu vya marehemu bibi yake. Akachota maji kwa kata ile, akanywa, na alipoinua uso akajikuta yuko siku ambayo watu walikuwa bado wanakichimba kisima chenyewe. Sharti lilikuwa moja: maji yakionekana chini ya shimo, anarudi kwao. Wachimbaji walikuwa wanachimba kwa bidii, na wamebakiza siku moja.

Kati ya waliokuwa wanabeba udongo kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mdogo kuliko msichana, mwenye kovu juu ya jicho. Msichana alilijua kovu lile. Ni la baba yake. Huko kwao baba huyo alikuwa mtu mgumu, asiyecheka, na hakuna aliyejua kwa nini. Hapa alikuwa mtoto mwenye kikapu kichwani, analia, kwa sababu kesho yake wanampeleka mbali kwa mjomba akachunge, na yeye hataki.

Nikasoma. Msichana akawaza: nikimtetea asiende, hatakua huko, hatakutana na mama, mimi sizaliwi. Nikinyamaza, ataondoka analia. Akasogea karibu naye. Akafungua mdomo. Shimoni mtu akapiga kelele, "Maji!" Sura ikaishia hapo.

"Akamwambia?" baba akauliza.

Nikafunua. Sura iliyofuata ilianza nyumbani kwao msichana, yuko kisimani na kata mkononi. Hakuwa amesema kitu.

"Hakusema?"

"Hakuwahi."

"Alikuwa na siku nzima!" Baba alisema kwa sauti ambayo sikuizoea. "Siku nzima amekaa anahesabu mambo yake, azaliwe asizaliwe. Mtoto mwoga. Hata neno moja? Hata pole?" Akasimama, dungu likatikisika. "Funga kitabu hicho."

Nikafunga. Siku iliyofuata mchana ulipofika alilala, au alijifanya amelala. Na siku ya pili yake vilevile. Mama alinitazama, mimi nikamtazama mama. Nilipokuwa naamia peke yangu upande wa kaskazini nilikuwa na muda wa kuwaza kuliko nilioutaka, na nilichowaza ni kwamba baba hakumkasirikia msichana wa kitabuni. Alikuwa anasubiri neno. Mtu pekee aliyepaswa kulisema alikuwa amekufa, na mtu pekee aliyelibeba jina la huyo marehemu alikuwa ni mimi, niliyejua kulitumia kwa firigisi na amri tu.

Siku ya nne nilipanda ngazi ya dungu mchana. Baba alikuwa macho, anasuka upya kombeo lake. Nikiri kabisa: nilipanda na ujanja. Nilikuwa nimejipanga nimlainishe, nipate nilichotaka, nirudi mjini. Nikakaa mbele yake, sikuweka sauti ya kizee.

"Mwanangu."

Hakuinua macho. "Naam, mama."

"Nilikutoa shule."

Mikono yake ikasimama.

"Nilikuambia msimu mmoja. Ulipoisha nikakuambia mwingine. Nilikuwa naona kwamba unapenda kusoma, nikajifanya sioni, kwa sababu ndege walikuwa wengi na mikono ilikuwa michache."

Hapo ujanja ukaniishia. Nilimwona yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona: amesimama kwenye matope, amechoka, anatazama kundi linakuja, na mtoto wake amesimama na daftari. Sikuwa naigiza tena. Machozi yalikuwa yananitoka, na mpaka leo sijui nilikuwa nalia kwa niaba ya nani.

"Nilikosea," nikasema. "Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Baba aliweka kombeo chini taratibu. Alishuka ngazi, akatembea juu ya tuta hadi mwisho wa shamba, akasimama ameelekea milima ya Udzungwa. Halafu akaanza kuokota madonge na kuyarusha, moja baada ya jingine, kwa nguvu zote. Ilikuwa saa saba mchana. Hapakuwa na ndege hata mmoja angani.

Mama alitoka kibandani na mtoto begani. "Umemfanya nini baba yako?"

"Nimemwomba msamaha."

"Umeharibu nini tena?"

Siku iliyofuata niliamka nikakuta begi langu limefungwa kwenye kibao cha nyuma cha baiskeli. Baba alikuwa anajaza upepo tairi la nyuma, anasema na mama bila kumtazama.

"Huyu anarudi shule."

"Na ndege?" mama akauliza.

"Ndege watakula. Lini hawakula? Upande wa kaskazini nitaufungia makopo mengi zaidi. Wakila kona, wamekula kona."

Mama alilitazama shamba. Nilijua anahesabu magunia kichwani. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na ndizi mbili za kuchoma alizozifunga kwenye jani, akanipa. "Mwambie mama mdogo wako asikutumetume ovyo," akasema. Nilipiga magoti kumuaga, kitu ambacho sikuwa nakifanya kila siku.

Nilipokuwa navitia vitabu kwenye begi baba alinyoosha mkono. "Hiki cha kisima kiache."

"Ni cha mwalimu, baba."

"Mwambie mwalimu kiko shambani kinaamia ndege."

Njia ilikuwa matope matupu. Sehemu kubwa hatukupanda baiskeli, tuliisukuma, na mtoni aliibeba begani huku mimi nimeshika begi kichwani. Ng'ambo ya mto tulikaa kuosha miguu. Alikuwa anajitoa tope kwenye vidole kwa kijiti, na alisema kama anayeongea na kijiti kile.

"Alikuwa na watoto saba na shamba moja. Mume hana. Angefanyaje?" Akatupa kijiti. "Nilimsamehe zamani sana. Nilikuwa nasubiri tu niombwe."

Mwalimu hakuuliza mengi. Alinipa madaftari ya mwenzangu ninakili niliyoyakosa, na kuhusu kitabu alicheka, akasema kikae huko huko. Nilisoma miezi ile kuliko nilivyowahi kusoma, asubuhi hadi jioni. Mtihani niliufanya mwezi wa tisa pamoja na wenzangu, nikafaulu, nikapata nafasi. Baba alipoletewa habari alikuwa anakula, akaacha kula, akanawa, akatoka nje kuwatangazia watu ambao tayari walikuwa wamesikia.

Lakini nikiulizwa safari yangu katika wakati ilikuwa lini hasa, sitaji siku ya msamaha wala siku ya matokeo. Nataja Jumamosi ya kwanza baada ya kurudishwa mjini. Mama mdogo alinipa chumvi, sukari na sabuni niwapelekee shambani. Nilifika karibu saa kumi jioni, saa ambayo ndege wana njaa kuliko saa zote, na kwenye mashamba ya majirani mayowe yalikuwa yanapasua anga. Kwetu kulikuwa kimya. Makopo hayakulia. Hapakuwa na sauti ya mtu.

Nilikimbia. Nilifikiri mtoto amezidiwa, au baba ameanguka dunguni, au nyoka. Kibandani hapakuwa na mtu. Nguo chafu na ndoo havikuwapo, maana yake mama alikuwa mtoni anafua. Nikazunguka kibanda, nikaliona shamba. Kwelea-kwelea walikuwa wametapakaa kona yote ya mashariki, masuke yameinama kwa uzito wao, wanakula kwa raha zao kama walioalikwa.

Na baba alikuwa juu ya dungu. Alikuwa mzima. Amekaa ameupa mpunga mgongo, kitabu kiko juu ya goti, kidole cha shahada kimekandamiza mstari, kichwa kimeinama karibu kabisa na karatasi.

"A-ka-i," nikamsikia. "A-ka-i-nu-a. Akainua." Akatulia. Kisha akalisema neno zima tena, kwa sauti kubwa ya furaha, na kichwa kikatikisika. "Akainua! A-ka-i-nu-a ka-ta. Akainua kata."

Nilifungua mdomo nimwite. Neno "ndege" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mtoto yeyote wa Ifakara akiona ndege wametua kwenye mpunga hupiga yowe kabla hajafikiri, ndivyo tulivyolelewa, na sijui nililimezaje lile yowe. Niliweka chumvi na sukari kwenye nyasi. Nikavua ndala. Nikapita nyuma ya matete, mbali na dungu, nikainama nikachota udongo kwa mikono miwili, nikawa nawarushia wale ndege donge moja moja, bila kombeo, bila kelele, nikihama kutoka kona hadi kona kwenye maji yaliyonifika magotini, mpaka alipomaliza ukurasa.